Nadhiri ya Kaka Kahindi

Rehema na Mama Neema, mmeniuliza mara nyingi habari za safari ile, na kila mara nimewajibu nusu nusu, ama kwa sababu tulikuwa mbele ya watu, ama kwa sababu sikujua la kusema. Sasa nimekaa niwaandikie yote. Mkimaliza kusoma mtaniambia kama nilikosea, maana mimi mwenyewe sijaamua.

Mnakumbuka tulipokuwa tumefika. Tangu tuanze kusoma Biblia pamoja alasiri, sisi watatu, tuliapa kutoruka ukurasa hata mmoja, na hatukuruka, mpaka tulipofika Waamuzi kwenye habari za Yeftha. Yeftha alikwenda vitani akamwahidi Mungu kwamba akishinda, atakachokuta kikitoka mlangoni mwake kumlaki atakitoa sadaka. Akashinda. Aliyetoka kumlaki, akicheza na kupiga matari, ni binti yake wa pekee. Ninyi mlitaka tuendelee mbele. Mimi nikawa nawarudisha nyuma. Nilitaka kujua mbona kwa Isaka sauti iliita kutoka mbinguni kisu kikazuiwa, na kwa huyu binti mbingu zikanyamaza. Mama Neema ukasema tutaelewa baadaye. Nikafunga kitabu, nikaenda kumwagilia nyanya ambazo nilikwisha kuzimwagilia asubuhi.

Kesho yake ndipo Jumwa aliponitumia sauti kwa simu. Jumwa ni binti wa kaka yangu mkubwa, Kahindi, anayeishi ndani huko Ganze. Yuko kidato cha tatu. Hakulia. Alisema tu, "Shangazi, shikamoo. Baba anasema Jumapili nachukuliwa na mhubiri, nikakae kwake bara nimtumikie Mungu. Shule nimeambiwa basi. Baba anasema alimwahidi Mungu alipokuwa hospitalini. Shangazi, mimi sijui nifanye nini."

Nilisikiliza mara ya pili nikiwa nimesimama. Mara ya tatu nilikuwa tayari natafuta mkoba.

Magarini mpaka Malindi

Nilitoka kwetu Magarini Ijumaa asubuhi, Biblia mkobani, na leso mbili, na nyanya za kuwapelekea nyumbani. Kijana wa bodaboda alitaka kunizungumzisha njia nzima habari za mvua. Kila alichosema nilijibu "naam," mpaka akaniuliza kama nimefiwa. Nikamjibu "naam." Akapunguza mwendo kwa heshima, akazima redio yake, akanipa pole. Sikuwa na nguvu ya kumsahihisha. Ikawa tunatambaa kama tunasindikiza jeneza, na mimi ndiye niliyekuwa na haraka kuliko watu wote wa barabara ile. Tulipofika daraja la Sabaki akasimama kabisa, akavua kofia, akaniombea. Aliomba vizuri. Alimwomba Mungu anitie nguvu kwa yaliyo mbele yangu. Nikaitikia "Amina," kwa moyo wangu wote, nikaona haya.

Malindi nilikunywa chai nikisimama. Mahamri niliyonunua niliyasahau juu ya meza ya watu. Niliwaza nitakachomwambia Kahindi. Kahindi alinilea. Baba alipokufa yeye ndiye aliyenipeleka shule, na ndiye aliyenifundisha kusali, mimi nikiwa nimempanda mgongoni. Mtu kama huyo utaanza vipi kumwambia kwamba amemkosea Mungu, nawe huna hakika kama amemkosea? Ahadi ni ahadi. Ndivyo alivyonifundisha yeye mwenyewe.

Dabaso

Niliona siwezi kwenda peke yangu, nikashuka Dabaso kumchukua mdogo wetu. Ninyi hamjamwona. Mama alimwita Safari, lakini alipooa alisilimu, na sasa ni Salim. Kahindi hakuhudhuria harusi yake. Tangu hapo hao wawili husalimiana msibani tu.

Salim hukarabati lile daraja la mbao linalopita juu ya mikoko, wanakotembea wageni. Nilimkuta akiwa chini, matope yamemfika magotini, anagongomea ubao mpya.

"Dada Sidi! Kuna nini?"

Nilimweleza nikiwa juu, yeye chini, kila mmoja akiinua sauti, na watalii wawili wakipita kati yetu wakitutolea tabasamu. Nilipofika kwenye nadhiri, akaacha kugonga.

"Jumwa huyu huyu? Anayetaka kuwa daktari wa mifugo?"

"Huyo huyo."

Akatazama nyundo yake kama ameipata sasa hivi. "Twende," akasema. "Lakini leo Ijumaa. Niache niswali kwanza."

Sikupenda, lakini nitasemaje? Kwani naweza kumwambia mtu asisali, wakati safari yenyewe ni ya kumwendea Mungu? Mkewe, Mwanaisha, alinikaribisha wali na kaa wa kupaka. Mnajua ninavyopenda kaa. Nilimvunja mguu mmoja, nikamweka, nikainuka kwenda mlangoni, nikarudi, nikainuka tena.

"Wifi," Mwanaisha akasema, "hata ukisimama, msikiti hautatoka haraka."

Alikuwa na haki. Lakini sikuweza kukaa. Nilifungua Biblia barazani nikasoma ile sura tena, nikitafuta mstari ambao labda nilikuwa nimeuruka. Hakuna. Yule binti anamwambia baba yake atende kama alivyotamka, anaomba tu miezi miwili akalie milimani na wenzake. Na wanawake wa Israeli wakawa wanamkumbuka kila mwaka. Hasira ikanipanda. Walimkumbuka! Walikuwa wapi kabla?

Salim alirudi amevaa kanzu, akasema atakwenda nayo, kwa sababu anakwenda kwa kaka yake mkubwa na anataka kwenda kwa heshima. Tukaondoka.

Kilifi, tusikopanga kulala

Tulifika Kilifi jua limelegea, na gari la mwisho la Ganze lilikuwa limekwisha kuondoka. Lililofuata, tuliambiwa, limeharibika. Lililofuata hilo, dereva wake yuko arusini. Nilizunguka stendi nikimuuliza kila mtu, kana kwamba mmoja atanipa jibu tofauti na wenzake. Salim akanishika mkono akanikalisha penye kibanda cha viazi karai.

Mwenye kibanda alikuwa mama mmoja wa bara, mnene, mchangamfu, aliyetuambia mwenyewe kwamba ametoka Kisii miaka mingi na sasa pwani ndiko kwao. Wateja wake humwita Mama Moraa, nasi tukamwita hivyo. Alituuliza tunalala wapi. Nikasema hatujui. Alinitazama, akamtazama Salim na kanzu yake, akatazama Biblia iliyochungulia mkobani mwangu, akatabasamu kwa huzuni.

"Dada," akaniambia, "njoo unisaidie kumenya viazi."

Nikamfuata nyuma ya kibanda. Hakukuwa na viazi. Alinishika mabega yangu yote mawili.

"Mimi pia nilikuwa msichana," alisema. "Najua moyo. Lakini neno linasema wazi tusifungiwe nira na wasioamini. Unamkimbilia mwanamume huyu usiku huu, je, kesho utasali wapi? Umemuuliza Mungu?"

Nilichelewa kuelewa. Nilipoelewa nilitaka kucheka, lakini kicheko hakikutoka, badala yake yakatoka machozi, naye akayachukua kuwa ni toba. Akanikumbatia. Akaanza kuniombea kwa sauti, akimfukuza Shetani wa mapenzi, mpaka Salim akaja mbio kuona kuna nini.

"Huyu ni ndugu yangu, mama," nikasema mwishowe. "Tumbo moja."

Akamtazama Salim. "Tumbo moja?"

"Tumbo moja, mama," Salim akasema. "Mimi nilitoka nyuma yake."

Mama Moraa alijifunika uso kwa aproni. Kisha akacheka mpaka akalazimika kushika nguzo, na kwa aibu yake akatulaza nyumbani kwake, mimi na mabinti zake, Salim sebuleni. Kabla ya kulala nilimweleza kwa nini tunakwenda Ganze. Hapo hakuwa na mstari wa kunipa. Akasema, "Kumbe kuna mahali neno huwa gumu." Mwanamke aliyekuwa na neno tayari kwa kosa ambalo sikulitenda hakuwa nalo kwa jambo lililokuwapo. Sikumlaumu. Mimi nami ndivyo nilivyo.

Juu ya lori la maji

Asubuhi ya Jumamosi yule dereva wa arusini hakuwa ameonekana. Mama Moraa akatutafutia lori linalopeleka maji Ganze. Dereva alikubali tukae naye mbele, kwa sharti kwamba tusilalamike akisimama.

Akasimama. Alisimama kila palipokuwa na mitungi ya njano imepangwa kando ya njia. Wanawake walijitokeza vichakani ambako ungedhani hakuna mtu, na kila pahali palikuwa na mabishano ya nani kaanza. Minazi ilibaki nyuma yetu, ikaja miti mifupi ya miiba na mashamba ya mahindi yaliyokauka yakisimama. Nilijua ni ukatili kuwakasirikia watu kwa sababu ya maji yao, lakini niliwaona wote kama wamepangwa pale kunichelewesha mimi.

"Dada, unatafuna leso," Salim akasema.

Nikaitoa mdomoni. Nikamweleza habari za Yeftha, kwa kuwa hakuwa anazikumbuka, na nikamwambia swali langu kuhusu Isaka, mbona yeye aliitiwa sauti.

"Sisi nasi tunayo habari ya Ibrahimu na mwanawe," akasema. "Wengi kwetu husema alikuwa Ismaili, lakini tusigombane hapo."

"Tusigombane."

"Katika masimulizi yetu, kabla ya kisu, Ibrahimu anamweleza mwana ndoto yake. Kisha anamuuliza: wewe waonaje?"

"Anamuuliza mtoto?"

"Anamuuliza. Na mtoto anakubali mwenyewe. Ustadhi wetu hupenda kutukumbusha hilo. Amri ilitoka kwa Mungu, na bado baba aliuliza."

Dereva, ambaye tulidhani hasikilizi, akasema, "Baba yangu mimi hakuniuliza hata rangi ya shati." Akashuka kufungulia maji.

Nilikaa na neno hilo. Tangu sauti ya Jumwa inifikie, nilikuwa nimejiuliza Mungu anaonaje, Kahindi anaonaje, mimi naonaje. Nilikuwa nimesikia maoni ya Mama Moraa na hata ya dereva wa lori. Jumwa mwenyewe alikuwa ameniambia hajui afanye nini, na mimi sikumpigia simu kumuuliza anataka nini. Nilimtumia ujumbe mfupi tu: "Naja."

Kwa Kahindi

Kutoka Ganze mjini tulitembea. Jua la huko halina huruma, na kanzu ya Salim ilifika ikiwa nyekundu kwa vumbi mpaka kiunoni.

Kahindi alikuwa amekaa mbele ya nyumba anasuka kamba. Alikuwa amekonda tangu apasuliwe tumbo. Alimwona Salim, akainuka polepole. Sikujua kama atamfukuza.

"Shikamoo, kaka," Salim akasema.

"Marahaba." Akaitazama kanzu. "Umechafuka."

"Njia ni ndefu."

"Mbeyu!" Kahindi akamwita mkewe. "Mletee Safari maji anawe." Jina alilomwita lilikuwa la zamani, lakini maji yale, kwa mwaka ule wa ukame, yalikuwa ni kitu kikubwa. Salim hakumsahihisha.

Tulikula sima na mchunga, zile mboga chungu ambazo mama alikuwa akitupikia, na nyanya zangu. Jumwa aliandaa, akakusanya sahani, asiinue macho. Alikuwa amerefuka. Nilipoona tumemaliza sikungoja adabu nyingine.

"Kaka, tumekuja kwa ajili ya Jumwa."

"Najua mlichojia," akasema. "Sidi, mimi nilikuwa nimekufa. Wewe uliniona. Daktari alishakata tamaa. Nikamwambia Mungu, ukiniinua, mwanangu wa kwanza ni wako. Akaniinua. Sasa unataka nimwambie nini? Nilikuwa natania?"

"Yeftha naye—"

"Yeftha alitimiza! Na Hana naye alitimiza. Hana alimtoa mtoto akiwa bado mdogo, akampeleka hekaluni."

"Nani hana?" Salim akauliza.

"Hana."

"Hana nini?"

"Hana, mama yake Samweli!"

Mbeyu alicheka ghafla, akajiziba mdomo. Hata Jumwa nilimwona mabega yakimtikisika. Kahindi hakucheka. Aliweka kiganja tumboni, pale penye mshono, na hapo nikaona nilikuwa nimekosea njia nzima. Nilikuja kubishana na mtu mgumu. Huyu alikuwa mtu mwenye hofu.

"Ugonjwa ukirudi?" akasema kwa sauti ya chini. "Au Mungu asipouleta kwangu, akaupeleka kwa hawa wadogo? Nitamweleza nani?"

Nawaambia kweli, Biblia ilikuwa magotini mwangu na sikujua niifungue wapi. Ni Mbeyu aliyezungumza. Wifi yangu si mtu wa maneno, na aliyasema haya akikung'uta mkeka, kama anazungumza na mkeka.

"Mimi nami niliomba," akasema. "Kila siku, mlangoni pa wodi. Sikuahidi kitu. Sikuwa na kitu. Nilisema tu, Mulungu, nirudishie mume wangu. Sasa ulipoinuka, nimekaa nikijiuliza. Uliinuliwa kwa maombi ya nani? Yako yenye mtoto ndani, au yangu matupu?"

Kuku walikuwa wanaparura karibu na miguu yetu na nikatamani kuwafukuza, ili nifanye kitu.

Salim akanitazama. Nikageuka.

"Jumwa," nikasema. "Wewe waonaje?"

Aliweka sufuria chini. Alimtazama baba yake, si mimi.

"Baba, nilikuletea uji hospitalini siku zote. Ulipofumbua macho nilikuwapo. Nilimshukuru Mungu, na bado namshukuru. Sikatai kumtumikia. Lakini nadhiri ni yako, baba. Ulipoitamka mimi nilikuwa nje naosha chupa ya uji. Kama haina budi kutimizwa, nenda wewe."

Alisema kwa upole, bila ufidhuli hata kidogo, kama binti anayemwambia baba yake kwamba amesahau fimbo. Nilisubiri kishindo. Kahindi alinyanyuka, akaiacha kamba yake chini, akaenda zizini kwa mbuzi, akakaa huko mpaka giza. Alipoitwa kula hakuja.

Jumapili

Kanisa ni la mabati, jipya, na siku ile lilikuwa limejaa. Salim alikaa nje chini ya kivuli cha ukuta, kwa heshima ya pande zote mbili. Mimi nilikaa na Mbeyu, Jumwa katikati yetu, nimemshika kifundo cha mkono kama mtoto mdogo. Kahindi alikuwa ametangulia alfajiri bila kutuaga. Nilimwona amekaa mbele, suti yake ya harusi imemlegea.

Mhubiri hakuwa kama nilivyomtengeneza kichwani. Nilikuwa nimetengeneza mtu mwenye pete na sauti kubwa. Alikuwa mwembamba, mwenye macho ya mtu asiyelala, na alihubiri vizuri kuhusu shukrani. Baada ya mahubiri alisema mkewe ni mgonjwa wa muda mrefu huko bara, nyumba yake haina msaada, na Mungu amemwona, amemtolea binti kupitia mtumishi wake Kahindi. Gari liko nje. Akamwita Jumwa asimame aombewe.

Jumwa hakusimama. Watu wakaanza kugeuza shingo.

Kahindi akasimama. Chini ya kiti chake akatoa mfuko wa nailoni wenye nguo, akapita mbele, akapiga magoti.

"Niombee mimi," akasema.

Mhubiri akamwinamia. "Mzee Kahindi, ni binti."

"Nadhiri nilitamka mimi. Nilimwahidi Mungu mwanangu, nikidhani ni wangu wa kumtoa. Nimekesha natafuta kilicho changu. Yule," akanyoosha kidole bila kugeuka, "nimeambiwa si wangu hivyo. Nimebaki na huyu." Akajigusa kifuani.

"Mzee, kwangu kuna kupika. Kuna kufua, kuchota maji, kumwangalia mgonjwa."

"Nitajifunza."

Mtu mmoja akacheka nyuma, na kicheko kikaenea. Mhubiri alijaribu kucheka nao. Kahindi hakuinuka. Alibaki pale magotini, mfuko wake kando, mpaka kicheko kikawachosha wenyewe kikafa. Kisha bibi mmoja wa safu ya mbele, asiyejua labda kilichokuwa kikiendelea, au aliyejua kuliko sote, akasema "Amina" kwa sauti. Watu wakamwitikia. Mhubiri hakuwa na pa kutokea. Akaweka mkono juu ya kichwa cha kaka yangu, akaomba.

Nje, Salim aliposikia, alimshika Kahindi mikono yote miwili.

"Utaweza kupika, kaka?"

"Wewe ulijifunza kuswali ukiwa mtu mzima," Kahindi akamjibu. "Nitashindwaje na sufuria, Salim?"

Mbeyu alikuwa amesimama kando, amekunja mikono. Alimtazama mumewe akiingia kwenye gari, akafunga leso yake vizuri kiunoni, akageuka kuelekea nyumbani kabla gari halijaondoka. Jumwa alimkimbilia. Mimi nikabaki katikati, sijui nimfuate nani.

Kurudi

Mnaniuliza kama nilifurahi. Nilifurahi, Jumatatu, nilipomwona Jumwa amevaa sare ya shule. Lakini siku ile ile tulikwenda shambani na Mbeyu, na mawingu ya kwanza yalikuwa yanakusanyika, na jembe la Kahindi lilikuwa limeegemea ukuta. Mbeyu alichukua lake. "Haya," akasema, "Mungu amepata mtumishi, na mimi nimepata shamba zima." Hakusema kwa hasira. Nikalima naye mpaka viganja vikachubuka. Salim aliomba ruhusa kazini akalima nasi siku kadhaa, na ameahidi kurudi wakati wa palizi. Kisha tukarudi pwani. Tulipokaribia Dabaso aliniuliza kama Mungu wangu amepata jibu alilotaka. Nikamwambia sijui. Akasema naye hajui, na tukaagana hivyo.

Sasa mjue kilichonifanya nikae niwaandikie. Jana Kahindi alinipigia simu. Yuko huko bara bado. Anapika uji, anafua mashuka, anachota maji kutoka bombani, na wanawake wa mtaa humtazama wakimcheka. Anasema tumbo haliumi. Nilidhani amenipigia kujisifu.

"Sidi," akasema, "huyu mama mgonjwa ameniuliza kwa nini nimekuja mimi, mzee mzima, wakati aliambiwa analetewa msichana. Nikamweleza yote. Nikamwambia mwanangu alisema niende mwenyewe. Akalia. Nikadhani nimemuudhi."

"Akasema nini?"

"Akasema yeye pia alitolewa. Alikuwa msichana wa shule. Baba yake alikuwa na nadhiri. Ndivyo alivyofika nyumba hii, kwanza mtumishi, baadaye mke."

Nilisimama. Nilikuwa nimekaa jikoni, nikajikuta nimesimama uani na simu.

"Nikamuuliza," Kahindi akaendelea, na sauti yake ikawa inakatika, "nikamwambia, mama, na siku ile Mungu alikwambia nini? Maana nilitaka kujua, Sidi. Nilitaka kujua mwanangu angesikia nini."

"Akakujibu?"

"Akasema hakusikia mtu akisema. Alisikia gari likiwashwa."